Windows 10 Imefika Mwisho, Mbona Watu Hawahami?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka, kuchapisha na kufungua barua pepe kama jana yake. Kilichokatika ni yale masasisho ya bure ya kila mwezi yanayoziba matundu ya usalama. Mtumiaji wa nyumbani aliyetaka muda zaidi alipewa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa chochote iwapo angekubali kutumia akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yake huko.

Kwa Nairobi habari hii ina uzito wake. Laptopu nyingi zinazouzwa katikati ya jiji, kuanzia maduka ya Moi Avenue hadi kaunta za Luthuli, ni zile zinazoitwa ex-UK: mashine za ofisi za ng'ambo zilizotumika miaka michache, zikafutwa vumbi, zikatiwa diski ya kasi ya SSD, zikaanza maisha ya pili. HP EliteBook 840 G3 ni mojawapo ya zinazopendwa sana. Ina kichakata cha Intel cha kizazi cha 6. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo G3 isiyo na ubovu wowote imeachwa nje ya mlango, na G5 ya mwaka 2018, ambayo asiye fundi hawezi kuitofautisha nayo kwa haraka, imeruhusiwa kuingia.

Ukipiga hesabu za mezani, huu ndio ulikuwa wakati wa Linux, mfumo unaoweza kuwekwa mahali pa Windows. Matoleo yake kama Ubuntu na Linux Mint ni ya bure, yanakwenda vizuri kwenye G3, na yataendelea kupata masasisho kwa miaka kadhaa. Hata hivyo hakuna foleni ya watu wanaohama. Wajuzi wa kompyuta wana jibu la haraka kwa hili: uvivu, au woga. Methali ya zimwi likujualo inatolewa papo hapo na mjadala unafungwa. Siikubali. Mtumiaji wa kawaida anapiga hesabu zake, na mara nyingi hazina makosa; ni vile tu anahesabu vitu ambavyo mshauri wake haoni haja ya kuvihesabu.

Tena watu wa jiji hili si wagumu wa kubadilika. Mwaka 2011 Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, kasimu hako kaliwatoa watu wengi kwenye Nokia na kuwaingiza kwenye Android. Menyu zilikuwa ngeni, vitufe vya kubonyeza vikatoweka, chaji iliyokuwa ikidumu siku kadhaa ikawa ya kutwa moja. Watu wakazoea. Na kiini cha Android ni Linux, ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki. Mtu anayeapa kwamba Linux haiwezi anashinda nayo mkononi kutwa, na ndiyo anayolipia nauli ya matatu.

Lakini aliyenunua IDEOS hakubadilisha mfumo endeshi. Alinunua simu. Mfumo ulikuja ndani yake, umeshasakinishwa na kujaribiwa kiwandani, na muuzaji alikuwepo kumwonyesha mahali pa kutia laini. Mfumo endeshi ni tabaka la programu lililo kati ya vyuma vya mashine na programu nyingine zote: ndio unaogawa kumbukumbu, unaozungumza na printa, unaojua kila faili imelala wapi kwenye diski. Ukifanya kazi vizuri, hauonekani. Kwenye kompyuta tunamwomba mtu yuleyule afanye jambo lisilofanana na kununua simu hata kidogo: mashine ibaki ileile, faili zake zimo humo humo, naye ang'oe hilo tabaka lisiloonekana na kuweka lingine. Wengi hawajawahi hata kuiona skrini ya BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi inayoamsha mashine. Si jambo la kushangaza wakisita.

Hoja inayotolewa mara nyingi kuliko zote ni bei, nayo kwetu ndiyo dhaifu kuliko zote. Nchini Marekani leseni ya Windows 11 Home huuzwa dola 139, kwa hiyo huko kitu cha bure kina mvuto. Hapa mnunuzi wa laptopu ya ex-UK haioni hiyo bei. Mara nyingi leseni imo tayari, imefungwa ndani ya BIOS tangu kiwandani, na Windows ikisakinishwa upya inaitambua yenyewe. Ambako haimo, watu wengi huletewa Windows isiyo na leseni, iliyoamshwa kwa njia za vichochoroni, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haitajwi kwenye mazungumzo hayo. Kwa njia zote mbili, mteja anachokilipia ni kazi ya fundi. Fundi akiweka Linux, kazi ni ileile na malipo ni yaleyale. Bure ya Linux inashindana na kitu ambacho tayari kinaonekana cha bure.

Bill Gates aliliona hili mapema. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington akiwa na mwekezaji Warren Buffett, alisema kuhusu China kwamba maadamu watu wataiba programu, ni afadhali waibe za Microsoft: watazizoea, na siku moja kampuni itapata namna ya kukusanya pesa zake. Ubuntu nayo, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, pote duniani, hadi mwaka 2011. Bei ilikuwa imeshuka hadi sufuri na posta juu, na bado Windows ikabaki mezani.

Kilichoibakiza kilielezwa vizuri sana mahakamani. Katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Jaji Thomas Penfield Jackson alitoa matokeo yake Novemba 1999, na ndani yake akaeleza ukuta uliojengwa na programu. Watu hununua mfumo wenye programu nyingi. Waandishi wa programu huuandikia mfumo wenye watu wengi. Na mduara unajizungusha wenyewe. Wakati huo Windows ilikuwa na programu zaidi ya 70,000. OS/2 Warp, mfumo endeshi wa IBM, kampuni ambayo haikukosa pesa wala wahandisi, ilifikisha kama 2,500 na ikashindwa kuuvuka ukuta huo. Tena mtumiaji hahitaji programu 70,000. Anahitaji kama sita hivi. Shida ni kwamba sita zangu si sita zako, na ikikosekana moja tu, biashara imekwisha.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya Nairobi hasa. Nenda River Road kwa wachapishaji wa kadi za harusi, mabango na risiti. Kazi inafanywa kwa CorelDRAW na Photoshop, na zote mbili hazina toleo la Linux. Inkscape na GIMP, mbadala wao kwenye Linux, zipo na ni nzuri, lakini mteja anakuja na flashi yenye faili ya CorelDRAW aliyotengenezewa mwaka juzi na jirani, anataka tarehe tu ibadilishwe, na anataka sasa hivi. Panda ghorofani kwa mhasibu anayeandikia hesabu maduka madogo: QuickBooks ya kusakinisha ni ya Windows. Halafu kuna KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Marejesho ya kodi yenye mambo mengi hujazwa kwenye fomu ya Excel inayopakuliwa kutoka iTax, tovuti yake ya kodi, yenye makro ndani yake, yaani amri zinazojiendesha zenyewe. Unaijaza nje ya mtandao, unabofya kitufe cha kuhakiki, makro inakagua na kutoa faili ya zip, nayo ndiyo unayoipandisha. Makro zilizoandikwa kwa ajili ya Excel mara nyingi hugoma zikifunguliwa kwa programu nyingine. Mwenye saiba ambaye Juni yote riziki yake ni marejesho hawezi kuijaribu bahati yake kwenye kitufe hicho.

Na kuna hasara ndogo ambazo mshauri huzicheka. Chukua CV ya kurasa mbili iliyoandikwa kwa Word, kwa fonti ya Calibri, ambayo kwa miaka mingi ndiyo Word iliyokupa usipochagua nyingine. Calibri ni mali ya Microsoft na haiji na Linux. Ukiifungua CV hiyo kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya kwenye Linux, mfumo unatafuta fonti mbadala. Kama Carlito imo, sawa: ilitengenezwa makusudi iwe na upana uleule wa herufi, na mistari inakatika mahali palepale. Kama haimo, inaingia nyingine iliyo pana kidogo. Jina la mdhamini wa pili linasukumwa chini, jedwali la shule ulizosoma linavunjika katikati, na CV inakuwa ya kurasa tatu, ya tatu ikiwa na nambari ya simu peke yake. Mtu amekaa saiba saa kumi na moja jioni, tangazo la kazi linafungwa usiku, kila ukurasa analipia. Mweleze wakati huo habari za uhuru wa programu.

Nimeliacha kwa makusudi jambo ninaloliona kubwa kuliko hayo yote, kwa sababu halimo ndani ya kompyuta. Mfumo endeshi una watu nyuma yake. Kijana akimaliza kidato cha nne, wazazi humpeleka chuo cha kompyuta akasome pakeji, na pakeji kwa miaka nenda rudi imekuwa Windows, Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher na intaneti. Cheti anachopata kinajua Microsoft. Tangazo la kazi analolijibu linataja Microsoft. Bosi wake, karani wa meza ya pili, binamu anayeitwa nyumbani kuangalia kompyuta Krismasi, wote walipitia darasa hilohilo. Ukikwama unapaaza sauti tu, mtu anakuja.

Kwenye kaunta mazungumzo huwa ya aina hii. Mwalimu amekuja na G3 yake, anauliza kama Windows 11 itaingia.

"Mwalimu, kwa utaratibu wao haiingii. Lakini nikipitisha na Rufus inaingia bila shida."

"Na ikinisumbua?"

"Ikikusumbua unairudisha hapa. Mimi niko, siendi mahali."

"Na hiyo Linux ninayosikia?"

"Hata hiyo naweza kukuwekea, Mwalimu. Lakini ukikwama usiku na mtihani unatakiwa uchapwe asubuhi, utampigia nani?"

Rufus ni programu ndogo ya bure ya kuandalia flashi ya kusakinishia, na inaweza kuruka masharti ya Microsoft kuhusu TPM na mengineyo. Microsoft nayo imeonya kwamba mashine zilizoingizwa hivyo hazina hakika ya kupata masasisho. Fundi analijua hilo. Hata hivyo, sikiliza alichosema: hakuiponda Linux popote. Aliuliza swali moja, na ni swali la haki. Mshauri anayesifu Linux mtandaoni hayupo Luthuli siku ya Jumamosi. Fundi yupo. Kwa mwalimu huyo, kinachonunuliwa ni ule uhakika wa kwamba kuna mtu wa kuulizwa, na mtaani uhakika huo umeegemea upande mmoja.

Akili ya binadamu nayo ina mchango wake. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyotufurahisha, na mwaka 1988 wachumi William Samuelson na Richard Zeckhauser wakaonyesha jinsi watu wanavyoegemea hali iliyopo hata palipo na chaguo jingine linalofaa. Faida za kuhama Windows zina ubaya wa kutoonekana: virusi ambavyo havikuingia, masasisho ambayo hayakukukatiza kazi. Nani atashukuru kwa kirusi ambacho hakukiona? Hasara zenyewe zinakuja siku ya kwanza, na zinakuja zikiwa na sura.

Mfano mmoja ninaoupenda kwa sababu unatuhusu moja kwa moja. Sakinisha Linux kando ya Windows kwenye laptopu moja, na mara nyingi ukirudi Windows utakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu kamili. Ni saa nne asubuhi, mashine inasema saa moja. Kila kompyuta ina saa yake kwenye bodi. Linux huiacha saa hiyo kwenye UTC, saa ya kimataifa, kisha hujumlisha saa tatu za Afrika Mashariki inapokuonyesha. Windows huisoma saa hiyohiyo ikidhani tayari ni ya Nairobi. Kuzipatanisha ni amri moja. Lakini mwenye mashine anachojua ni kwamba juzi saa ilikuwa sawa, akagusa kitu, leo si sawa. Atakuwa na makosa gani akihitimisha kwamba kompyuta imeharibiwa?

Wala usidhani mtumiaji wa kawaida anaisita Linux peke yake. Mwaka 2012 Windows 8 ilikuja bila kile kitufe cha Start kwenye pembe ya chini kushoto, na kelele zikawa nyingi kiasi kwamba Windows 8.1 ilipotoka mwaka uliofuata kitufe kikarudi. Mamilioni ya watu waliruka toleo hilo na kung'ang'ania Windows 7 hadi ilipoacha kutunzwa Januari 2020. Windows 11 ilihamisha kitufe hicho hadi katikati, na kwa watu wengi kazi ya kwanza ni kukirudisha kushoto. Kama kitufe kusogea sentimita chache kunaleta ubishi huu, basi kubadilisha mfumo mzima ni jambo la kuliheshimu.

Wenye mabavu zaidi kuliko mwalimu wetu walijaribu, na matokeo yao yanafundisha. Jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamisha kompyuta zake hadi Linux. Kufikia 2013 karibu 15,000 zilikuwa zimehamishwa. Mwaka 2017 baraza la jiji likapiga kura kurudi Windows. Sababu zinabishaniwa hadi leo, siasa zikiwemo, lakini lalamiko moja lilijirudia: ugumu wa kubadilishana faili na ofisi ambazo hazikuhama. Gendarmerie ya Ufaransa, askari wanaolinda hasa miji midogo na vijiji, ilipita njia nyingine. Mwaka 2005 iliacha Windows mahali pake na kubadilisha programu ya ofisi tu, ikaweka OpenOffice. Baadaye zikafuata kivinjari cha Firefox na Thunderbird ya barua pepe. Kuanzia mwaka 2008 ndipo ikaanza kuweka Ubuntu chini yake. Askari aliyekuta Ubuntu mezani asubuhi alikuta programu ambazo mikono yake ilikuwa imeshazizoea, na kilichokuwa kimebadilika ni lile tabaka lisiloonekana.

Bila mtu kupanga, Nairobi imeshaanza kwenda kwa mwendo huo. eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inafunguliwa kwa kivinjari, benki vilevile, barua pepe vilevile, na wanafunzi wengi huandika kazi zao Google Docs. Kwa mtu ambaye kazi zake zote ni hizo, mfumo endeshi umeshageuka kuwa gari la kumfikisha kwenye Chrome, na gari lolote linalowaka litamfaa. Kwa mhasibu na mchapishaji wa River Road bado. Ndiyo maana ushauri wa jumla kwamba kila mtu ahamie Linux, au kwamba asihame kabisa, haumsaidii yeyote: inategemea ni kitu gani kimoja kitakachokosekana.

Kitu hicho kinaweza kutafutwa bila kung'oa chochote. Linux Mint na Ubuntu huwaka kutoka kwenye flashi, kwa Mint hata ya GB 8 inatosha, na diski ya mashine haiguswi mpaka wewe mwenyewe uchague kusakinisha. Inakuwa nzito kidogo kwa sababu flashi si SSD; usiihukumu kwa hilo. Uzuri wa skrini pia uache kwanza. Angalia Wi-Fi inashika, maana chipu za Broadcom zina historia ya kusumbua. Chapisha ukurasa mmoja kwa printa yako mwenyewe. Za HP huwa hazina matata, nyingine ni kubahatisha. Fungua CV, fungua ile faili ya hesabu yenye makro, piga simu ya video dakika mbili ujue kama kamera na sauti zipo. Kabla ya kubofya popote panapotaja kusakinisha, nakala za faili ziwe kwenye diski ya nje, na kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kufungia diski, imewashwa, ufunguo wake wa kurejesha uwe umeandikwa kwenye karatasi. Na kwa yule anayewasilisha marejesho ya mwaka kwa fomu ya Excel, tarehe ya mwisho ni 30 Juni. Zoezi hili alianze Julai.